Baba Amesema Nirudie Mwaka

Mbarara, 15 Februari 2004

Baba mpendwa,

Bwana asifiwe. Natumaini barua hii itakukuta mzima, macho hayakusumbui sana, na mbuzi wa jirani Mukandoli hajaingia tena kwenye mihogo yetu. Mimi ni mzima, ila baridi ya asubuhi hapa Kakiika haina adabu.

Chuo ni kizuri. Darasa la ufundi wa maji lina wasichana wawili tu, mimi na Kampire, Mnyankole wa hapa hapa, anayecheka hata pasipo na kichekesho. Nimepata chumba uani kwa mama mmoja mjane. Jioni nikipika sina wa kumwonjesha mchuzi. Juzi niliuliza kwa sauti kama chumvi inatosha, nikajijibu mwenyewe.

Sasa nisaidie, baba. Kwetu Kongo mtu anachagua seksio moja, mkondo mmoja wa masomo, basi, mengine yote anapangiwa. Hapa wana masomo ya lazima, yaani Hesabu, Michoro na Mabomba, halafu wanasema ongeza mawili unayotaka kwa miaka hii miwili. Kuna Pampu, Matanki, Upimaji wa Ardhi na Uchomeleaji. Pampu ni ya mwaka wa pili, na haichukuliwi na mtu ambaye hajafaulu Hesabu. Kampire anachukua Uchomeleaji kwa sababu shemeji yake ana karakana. Mimi shemeji wa namna hiyo sina. Nipange vipi? Wanataka jibu kabla mwezi haujaisha.

Mukandoli akirudi sokoni huku Mbarara na samaki wake mpe jibu aniletee, tafadhali.

Ni mimi binti yako,
Apolline


Nakivale, 22 Februari 2004

Mama yangu,

Salamu nyingi katika jina la Bwana. Mimi ni mzima. Macho yananionyesha ukungu mpaka saa nne, lakini ukungu wa Nakivale nimeshauzoea. Mbuzi alikuja. Sitaki kumzungumzia.

Nakuita mama na utaendelea kuitwa hivyo hata ukiwa fundi, kwa kuwa jina ulilobeba ni la mama yangu. Bienfait, kijana wa jirani, amenipa simu yake nikupigie, nikakataa. Mtu anaongea huku nyumba nzima inamtazama mdomo. Tubaki na barua.

Kuhusu masomo. Nimefundisha shule kule kwetu Fizi miaka mingi, nisikilize. Usichague somo kwa sababu rafiki amelichagua. Chagua kwa kuangalia kazi iliyo mwisho wake, kisha urudi nyuma hatua kwa hatua mpaka ulipo leo. Hapa kambini bomba likifa watu wanapanga foleni ya madumu tangu alfajiri, na fundi anangojwa kutoka mbali. Basi, chukua Pampu. Na pampu inasukuma maji yaende wapi? Kwenye tanki. Chukua Matanki. Mwaka wa kwanza maliza yote ya kichwa, Hesabu na Michoro. Mwaka wa pili uwe wa mikono, ili siku unapotoka mikono bado ina moto.

Desemba ya mwaka ujao utakuwa umemaliza. Faili letu la safari ya kuhamishiwa ng'ambo bado liko na watu wa Kampala, jina lako chini ya langu. Wakituita tutakwenda wote wawili, wewe na cheti chako, mimi na macho yangu. Mpango ndio huo.

Nyumba ni kimya mno. Nimeanza kusalimia kuku.

Ni mimi baba yako


Kikagate, 10 Desemba 2004

Baba mpendwa,

Shikamoo. Habari za siku nyingi, habari za macho? Mimi mwili ni mzima, moyo ndio haujambo kidogo tu.

Chuo kimetuleta huku mpakani kuchimba mitaro ya mabomba, tutakaa mpaka baada ya Noeli. Ndiyo maana sitakuja, na ndiyo maana nakuandikia jambo ambalo ningependa kukuambia nikiwa nimekaa karibu nawe.

Matokeo yametoka. Mabomba nimefaulu, Michoro nimekuwa wa pili darasani. Hesabu nimeanguka. Maswali yalikuwa Kiingereza kirefu kirefu, nikawa natafsiri mpaka muda ukaisha. Halafu mwalimu alinionyesha karatasi. Moja zangu, ulivyonifundisha kuziandika, na ule mkono mrefu mbele, yeye alizisoma saba. Tanki langu lilijaa maji ambayo ziwa zima halina. Nilitaka kucheka, nikalia.

Kampire pia ameanguka. Anasema "si kitu, tutaona," lakini yeye kila kitu kwake si kitu. Mimi sijui nifanye nini. Wewe ndiye mwalimu, niambie nami nitafanya.

Samahani, baba.

Binti yako,
Apolline


Nakivale, 19 Desemba 2004

Mama yangu mpendwa,

Salamu. Mimi ni mzima. Futa machozi kwanza, ndipo uendelee kusoma.

Moja isiyo na mkono ni kijiti tu, lakini ukiwa kwa watu andika kama wao. Hilo limekwisha.

Sasa la kufanya. Wewe unajua desturi yetu: aliyeanguka anarudia mwaka. Nimewarudisha watoto wengi, wengine wa rafiki zangu, na mmoja wao leo ni daktari. Hakuna aibu kurudia. Aibu ni kuomba kupitishwa. Sisi ni wakimbizi, mama. Mwenyeji akiomba kupunguziwa wanasema ana akili, mkimbizi akiomba wanasema amezoea kupewa. Nenda kwa mkubwa wa chuo, simama wima, sema: nitarudia mwaka wote, masomo yote. Akikuuliza mara ya pili usitetereke, anakupima. Mchungaji amezungumza na wafadhili wanaokulipia chuo, wamenielewa.

Mpango wetu unasogea mwaka mmoja. Utamaliza Desemba 2006. Hesabu na Michoro tena mwaka huu unaokuja, Pampu na Matanki mwaka wa mwisho, hakuna kilichobadilika ila tarehe.

Nilikuwa nimeshaanza kupiga udongo ukuta wa chumba chako. Nitaumaliza taratibu, hakuna haraka tena.

Noeli njema. Nitakula kuku mmoja kwa niaba yako, yule asiyeitikia salamu.

Baba yako


Mbarara, 13 Machi 2005

Baba,

Hii sitampa Mukandoli. Naandika kwa sababu nisipoandika nitapasuka.

Sikusalimii. Nina hasira.

Leo nimekutana na Kampire kwenye karakana. Anafungua pampu. Nikamwuliza, wewe si ulianguka Hesabu kama mimi? Akacheka kama kawaida yake. "Eh, Apolline, kwani nani alisema wewe rudia mwaka? Mimi nilirudia tu ule mtihani moja, mwezi wa pili mwanzo. Nikapita. Kwisha."

Mtihani mmoja, baba. Asubuhi moja. Hapa aliyeanguka somo moja anafanya upya somo hilo hilo tu, kisha anaendelea na wenzake. Kila mtu anajua. Tangazo lilibandikwa ukutani ofisini, na mimi nilipita mbele ya ukuta huo nikiwa nimejinyoosha kama ulivyoniagiza. Mkubwa wa chuo aliniuliza, "Una hakika? Mwaka wote?" Nikasema baba amesema. Akauliza tena. Nikafikiri ananipima, nikasema baba amesema. Akatikisa kichwa, akaandika.

Nimerudi kwake leo. Amesema nimechelewa, mtihani ule umepita na mwaka wa pili umeshakwenda mbali, na wafadhili wamelipia mwaka wa kwanza. Alinihurumia. Sikutaka huruma.

Sasa nakaa na watoto wapya. Hakuna msichana mwingine. Benchi langu nakaa peke yangu kwa sababu wavulana wanaona haya kukaa na dada mkubwa anayejua majibu. Mwalimu anachora mchoro ule ule, anasema mzaha ule ule, wote wanacheka, mimi nimeshaucheka mwaka jana.

Ningekuwa nyumbani Desemba hii. Ningeonja mchuzi wako mbaya. Kwa nini hukusema tu, uliza kwanza? Na mimi kwa nini sikuuliza?

Inatosha. Ukijua hili utajila mwenyewe kila usiku, na huna wa kukuambia acha.

A.


Mbarara, 13 Machi 2005

Baba mpendwa,

Shikamoo, na Bwana asifiwe. Natumaini u mzima, na macho yanapata nafuu. Mimi sijambo.

Narudia vizuri. Hesabu sasa inaingia, mwalimu ameniita mbele mara kadhaa. Moja zangu ni vijiti. Usiwe na wasiwasi wowote. Maliza ukuta polepole, usipande juu ya kiti.

Binti yako,
Apolline


Nakivale, 6 Novemba 2005

Mama yangu,

Salamu nyingi. Samahani kwa mwandiko, naandika herufi kubwa ili nizione. Mimi mwili ni mzima.

Wametuita.

Jina langu limebandikwa, Kanada, mwezi wa kwanza. Wamenipima, na daktari amesema jicho la kushoto limekwisha, la kulia likipasuliwa mapema huko litabaki. Akasema nikingoja mwaka mwingine hata hilo asiahidi kitu.

Nikamwuliza yule bibi wa ofisi habari yako. Akasema, "Mzee, mtoto yako akuje sasa tunaenda na yeye. Kama hakuji, tunamutoa kwa hii faili, atafungua yake." Nikamwuliza yake itachukua muda gani. Akatazama karatasi zake.

Nimekaa na jambo hili siku nyingi kabla ya kushika kalamu. Moyo wangu unasema njoo, acha vyote, njoo. Lakini kama ungekuja sasa ungekuja na nini? Mwaka mmoja uliosomwa mara mbili. Pampu hujaigusa, Matanki hujayagusa, cheti hakuna. Kule wataniuliza mtoto wako anajua kazi gani, niseme anajua nusu. Laiti ungekuwa unamaliza mwezi ujao kama tulivyopanga mwanzo, tungekuwa tunafunga mizigo pamoja.

Sikuiti na sikukatazi. Amua mwenyewe. Naogopa sana kwenda peke yangu, nakuambia wazi kwa sababu sina mwingine wa kumwambia.

Baba yako


Mbarara, 13 Novemba 2005

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nimesoma barua yako nikiwa nimekaa kwenye ngazi za karakana, nikairudia mpaka walipofunga.

Nenda, baba. Macho hayangoji. Kama ungekuwa mzima ningekuambia keti tungoje pamoja, lakini sitaki siku moja nikukute umekaa, nakushika mkono na hujui ni nani.

Mimi nitabaki nimalize. Mwaka ujao, muhula wa kwanza Pampu, wa pili Matanki, wa tatu wanatupeleka kazini, na nimeomba nipelekwe Nakivale kwenye bomba letu. Nitalala chumbani kwangu, chenye ukuta wako. Nitafungua faili yangu, nitangoja zamu yangu. Umenifundisha kuanza na mwisho na kurudi nyuma. Mwisho ni mlango wako huko Kanada. Huu ni mwaka mmoja tu wa kurudi nyuma.

Mimi pia naogopa. Noeli nakuja, tutaila pamoja, nitakupikia mimi.

Binti yako,
Apolline


Nakivale, 15 Januari 2006

Mama yangu,

Salamu. Tangu uliporudi chuoni baada ya Noeli nyumba haina sauti. Mzigo wangu ni mdogo, umekaa mlangoni. Kuku nimempa Mukandoli, na yeye ndiye anayekuletea hii kwa haraka. Basi linatuchukua alfajiri ya Jumatano kwenda Kampala.

Kuna jambo limeninyima usingizi. Yonatani, mtoto wa mchungaji, yule anayesoma ualimu, alikuja kuniaga. Tukazungumza habari zako. Akasema, "Mwalimu, huku Uganda mutu akianguka somo moja harudie mwaka. Anafanya ile moja tu." Nikamwambia hajui anachosema. Akaona uso wangu, akabadilisha mazungumzo, akaanza kusifu mahindi. Mahindi hayakuwepo hata.

Niambie ukweli. Chuoni kwenu ni hivyo? Kama ni hivyo, basi mimi ndiye niliyekutoa kwenye faili, kwa mdomo wangu mwenyewe, na sijui nitapandaje ndege hiyo. Afadhali nibaki hapa niwe kipofu.

Nijibu kabla ya Jumatano. Mukandoli anarudi Jumanne jioni. Bienfait atanisomea, macho ya jioni hayafai tena.

Baba yako


Mbarara, 17 Januari 2006

Baba mpendwa,

Shikamoo, na Bwana asifiwe. Natumaini u mzima na mzigo umefungwa vizuri. Mimi ni mzima kabisa. Mukandoli amesimama hapa ananihimiza, gari lake linajaa, kwa hiyo naandika mbio.

Koti ulilopewa na mchungaji livae, usilifiche kwenye sanduku. Mtu akikuuliza kitu kwa Kiingereza na hukukielewa, mwombe arudie, usijibu ndiyo. Ukifika, tafuta kanisa kwanza, wengine watakufuata hapo hapo. Jumatano basi lenu litapita Mbarara, nami nitakuwa kando ya barabara. Usihangaike kunitafuta kwa macho, mimi nitakuona.

Na kuhusu lile swali. Yonatani anasoma ualimu, mambo ya ufundi hayajui. Labda kwao ndivyo ilivyo. Chuoni kwetu aliyeanguka somo moja anarudia mwaka mzima, bila kuchagua mwenyeji wala mkimbizi. Ulinishauri sawasawa. Panda ndege yako na moyo mweupe.

Hata Kampire alirudia, baba. Tulikaa benchi moja mwaka wote, akinichekesha kila siku. Sikuwa peke yangu hata siku moja.

Ni mimi mama yako, binti yako,
Apolline