Bibi Harusi Alisimama Kwenye Kapeti la Gari

Mpendwa Mwalimu Pan,

Nakuandikia nikiwa nimekaa ndani ya gari langu nje ya nyumba yetu hapa Gangshan, kwa sababu ndani mama yangu hataki kuniona na kwa mchumba wangu hawataki hata kuisikia injini yangu, na wewe ndiye mtu pekee ambaye mama husoma maneno yake gazetini kila Jumapili bila kubishana nayo, kwa hiyo tafadhali nisikilize mpaka mwisho kabla hujanihukumu.

Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na mmoja, kazi yangu ni kukagua skrubu kiwandani, nazipima moja moja na ikizidi au kupungua hata kwa unywele naitupa, na nje ya kazi sina ulevi wowote, sichezi kamari, sitafuni tambuu, starehe yangu ni moja tu, gari la michezo la milango miwili ambalo nimelishusha kwa mikono yangu kwa miaka sita, springi kwa springi, mpaka sasa pakiti ya sigara iliyolazwa inapita kwa shida chini ya bampa, na mbele nimelifungia ubao mwembamba mweusi ambao sisi wapenzi wa magari tunauita mdomo, niliuagiza Osaka na kuusubiri miezi minne. Barabara za Kaohsiung unazijua, leo zinachimbwa kwa ajili ya bomba la maji, kesho zinazibwa, keshokutwa zinachimbwa kwa ajili ya nyaya, na mifuniko ya chemba imezama kama masufuria, lakini Mwalimu, gari likipita taratibu limelala chini namna ile, watu kwenye skuta wote wanageuza shingo, na wengine wakicheka na kuniuliza, "Kaka, umeegesha au umezama?" najua ni wivu tu.

Mchumba wangu Pei-yun hakuwahi kulalamika, miaka miwili yote ya uchumba tukifika kwenye tuta alikuwa anashuka mwenyewe, anatembea, anapanda tena upande wa pili, hata mvua ikinyesha, na mimi nilichukulia kwamba amelipenda gari kama ninavyolipenda, ndiyo maana siku ya kwenda kumchukua kwao mtaa wa Sanmin ilipokaribia nikasema bibi harusi atapanda gari langu na si lingine. Mshenga wetu, Shangazi Kuei, alinionya. Alisema, "Mwanangu, azima gari jeusi la kawaida, hilo kobe lako liende nyuma ya msafara." Nikamjibu kwamba kobe hili litakuja kuwa picha ya ukutani kwa wajukuu wangu, naye akanikumbusha masharti, kwamba gari la bibi harusi halirudi nyuma hata hatua moja, na bibi harusi hakanyagi ardhi tangu anapotoka mlangoni kwao mpaka anapoingia kwetu, kila hatua kafunikwa ungo kichwani, na lazima tufike kabla ya saa tano. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, maana mimi si mtu wa kubahatisha, wiki nzima kabla ya harusi nilikuwa nimeipita njia ile mara saba, nimepima kila shimo kwa kipande cha mbao, na mara zote saba gari lilipita bila kugusa.

Siku ilipofika tulikuwa magari sita, fataki zikalia, Pei-yun akabebwa mpaka kwenye gari, tukaondoka, akatupa upepeo wake dirishani, mama yake akamwaga beseni la maji nyuma yetu kama desturi inavyotaka, kwamba binti aliyeolewa harudi kwao kama maji yaliyomwagwa yasivyozoleka, watu wakalia, mambo yote mazuri, na hatujafika hata mita hamsini gari likagota, kwa sababu usiku wa kuamkia harusi mafundi wa bomba walikuwa wameweka bati nene la chuma juu ya mtaro wao, gurudumu la mbele limezama kwenye mfuniko wa chemba, na mdomo umekaa sawasawa kwenye ukingo wa bati. Nyuma yetu magari manne yanapiga honi, kurudi nyuma ni mwiko, rafiki yangu A-Tsung aliyekuwa gari la mbele akaja mbio anapiga kelele, "Pita tu, ndugu yangu! Ukivunjika si ubao tu?" nami nikamwambia, "Ubao? Unauita ubao?" na mzee mmoja aliyekuwa anatafuna tambuu mlangoni pake akauliza kwa sauti mtaa mzima usikie, "Bibi harusi kashiba sana, au gari ndilo lina njaa?"

Hapo ndipo nilipogundua kwamba zile mara saba nilikuwa peke yangu garini.

Nikamwambia Pei-yun, "Shuka kidogo tu, hatua mbili, gari litanyanyuka."

Akasema, "Leo? Unajua leo sikanyagi chini."

"Hutakanyaga chini. Nakutandikia kapeti la gari, usimame juu yake."

Akanitazama. "Unasema kweli?"

"Ni safi, nimeliosha jana."

Akashuka, Mwalimu, na gauni lake lote, akasimama juu ya kapeti kando ya mtaro, na mimi nikapita, na gari likanyanyuka kwa kiasi cha kidole kimoja kama nilivyokadiria, halikugusa kabisa, nikasimamisha mbele, nikatoka, nikapiga magoti kuangalia uvunguni kama mdomo uko salama, na ulikuwa salama, hata mkwaruzo haukuwa nao, nikainuka nimpungie mke wangu mkono apande, nikaona kapeti peke yake. Alikuwa amekwisha kanyaga yale maji ya mama yake na kuingia ndani kwao na kufunga mlango.

Meza thelathini za wageni zilikula samaki bila bibi harusi. Sasa ni wiki ya tatu. Hatujajiandikisha bado ofisini, tulipanga kwenda Jumatatu baada ya harusi. Shangazi Kuei amefungua kalenda ya siku njema na kupata siku nyingine, na Pei-yun amekubali siku hiyo, lakini amemtuma mshenga aniambie maneno haya: "Nitakuja na lori la mama la mboga, nitaendesha mwenyewe, akitaka kunioa akae kiti cha abiria." Mama yangu anasema bibi harusi kuingia mtaani kwetu akiendesha lori la kabichi ni aibu itakayotuzika, A-Tsung anasema mwanamume akikubali kupangiwa gari leo kesho atapangiwa na viatu, na mimi naona tukutane katikati, nimpandishie gari sentimita mbili tusahau yaliyopita. Je, nikubali lori, au nishikilie msimamo? Nampenda sana na sitaki kumkosa.

Bwana Harusi Aliyekwama,
Gangshan, Kaohsiung

MWALIMU PAN ANAJIBU

Bwana Harusi, barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nilimsomea mke wangu wakati wa chakula, na tulipofika kwenye kapeti aliweka vijiti vyake chini, akasema, "Mwambie mimi ningelichukua na kapeti lenyewe." Pole kwa wiki hizi tatu. Kulala nyumba moja na mama asiyekusemesha si jambo dogo. Pole yangu inaishia hapo, kwa sababu barua yako inaniambia kwamba hujaelewa ulichofanya, na mtu asiyeelewa kosa lake atalirudia kwa ustadi zaidi.

Nimefundisha fizikia miaka thelathini na minne, kwa hiyo niruhusu nianze na unachokifahamu. Gari lako lilikuwa na watu wawili. Springi hazijui nani amevaa gauni. Zinajua kilo tu. Akishuka mmoja, gari linanyanyuka kidole kimoja. Wewe mwanamume mzima wa kiwandani, nikikukadiria kwa huruma, hukosi kilo sabini na tano. Yeye, hata pamoja na gauni na vidani vya dhahabu, sidhani anakufikia. Basi niambie, mkaguzi wa skrubu, kati ya watu hao wawili, yupi angelinyanyua gari zaidi kwa kushuka? Na yupi hakuwa na mwiko wowote wa kukanyaga chini?

Usiniambie kwamba hakuna ambaye angeshika usukani. Mwanamke anayesema ataendesha lori la mboga la mama yake hakujifunza juzi. Hizi ni barabara zilezile anazozipita kila alfajiri kwenda sokoni, na lori limejaa. Ungefungua mlango, ukashuka na suti yako, ukazunguka mbele, ukamwelekeza kwa mkono, "Njoo, njoo, taratibu." Mtaa mzima ungecheka, pamoja na yule mzee wa tambuu, na saa hizi mngekuwa mnabishana nani aoshe vyombo. Wazo hilo halikukupitia kichwani. Ulitafuta mzigo wa kupunguza, ukamwona yeye.

Jambo la pili. Wengi watadhani Pei-yun amekasirika kwa sababu ya mwiko, na wewe unadhani hivyo, ndiyo maana uliona kapeti ni akili kubwa. Wakili wa bei nafuu angekupongeza. Lakini fikiri masharti yale yanasema nini, ukiyavua hofu za mizimu. Yanasema kwamba katika maisha ya mwanamke, maisha ya kuchota, kubeba, kusafisha na kupisha wengine, kuna asubuhi moja ambapo tope ni la watu wengine. Asubuhi moja tu. Wewe mwenyewe umeandika kwamba kwa miaka miwili alikuwa anashuka kwenye kila tuta, na mvua ikinyesha. Ulichukulia kwamba amelipenda gari. Kijana, hakuna mtu anayependa gari kwa kutembea pembeni yake. Alikuwa anakupenda wewe, na alikuwa anaisubiri siku ambayo hutamwambia ashuke. Siku hiyo ikafika, ikadumu mita hamsini.

Halafu ukapiga magoti. Bwana harusi akipiga magoti siku ya harusi, watu hutegemea kumwona mbele ya wazazi wa bibi harusi. Wewe ulipiga mbele ya bampa. Sidhani kapeti ndilo lililomwondoa pale. Ninaamini alisimama akisubiri aone utaangalia nini kwanza ukishatoka garini, na ulimwonyesha.

Na zile safari saba na kipande cha mbao! Nimewahi kuwa na wanafunzi wa namna yako, wenye madaftari safi kuliko wote, wanaopima kila kitu isipokuwa kile kilichoulizwa. Uliikagua njia ya kumleta mke mara saba, na mara zote saba kiti chake kilikuwa kitupu, nawe hukuona kwamba kuna kitu hakipo. Kwa kazi yako, skrubu ya hivyo ungeitupa.

Sasa tuje kwenye swali lako. Kwanza acha kumwita Pei-yun "mke wangu". Kwa sheria yetu mke ni yule ambaye majina yenu yameandikwa pamoja ofisini, na ninyi hamkufika. Hana deni lolote kwako. Aliyekubali siku mpya ni mwanamke huru ambaye angeweza kukataa, na ukifikiria vizuri utaona kwamba masharti yake ni mepesi mno. Hakusema uza gari. Hakusema lipandishe. Alichosema ni kwamba safari hii ataendesha yeye, nawe ukae pembeni. Na wewe unamletea sentimita mbili! Uko tayari kuoa kwa sentimita mbili, ukidaiwa tatu ungevunja uchumba? Sentimita hizo usizitaje tena kwa mtu yeyote. Rafiki yako A-Tsung usimsikilize kuhusu viatu, ingawa kuhusu ubao alikuwa na akili kuliko wewe, ungemsikiliza pale.

Mama yako mwambie wewe mwenyewe, usimtume Shangazi Kuei, na usimwambie kwamba ni matakwa ya Pei-yun. Mwambie, "Mama, mimi ndiye niliyemshusha bibi harusi njiani, kwa hiyo mimi ndiye niliyetuaibisha. Lori ni njia ya kuimaliza aibu hiyo." Na kama bado anabishana, kwa kuwa najua anasoma hapa: dada yangu, kabichi zimemlea binti yule akawa na subira ya miaka miwili na mwanao. Osha mlango wa nyumba, andaa ungo, umpokee.

Siku ya harusi utapanda upande wa abiria, utafunga mkanda, na hutatoa ushauri wowote kuhusu mashimo. Gari lako liache nyumbani. Baada ya hapo ni lako, libembeleze Jumapili peke yako. Ila siku ambayo yeye yumo ndani, likigusa liguse, likivunjika livunjike.

Lakini usisubiri siku hiyo ifike. Kesho ukitoka kazini panda treni mpaka stesheni kuu ya Kaohsiung, kisha tembea kwa miguu hadi kwao, bila mshenga na bila maua. Utalipita bati lile la chuma, kama bado lipo. Usilipime. Akifungua mlango mwambie, "Nilipaswa kushuka mimi." Ni maneno matatu. Hamu ya kuongeza la nne ili ueleze itakushika sana, nakufahamu. Nyamaza, usimame hapohapo nje, mpaka yeye aseme kama uingie.