Ufa Nyuma ya Jukwaa

Jumatatu, 11 Aprili 1994

Leo nimeingia ukumbini kutundika mapazia — nikaona ufa. Ukuta wa nyuma ya jukwaa, kutoka juu kwenye bati mpaka chini kwenye msingi. Wiki jana ulikuwa kama uzi. Leo vidole vimezama, na kwa ndani nimeona mwanga wa nje. Masika hii imelowesha kila kitu. Nimetoka haraka kama mtu aliyefumaniwa.

Jumamosi kuna onyesho. Watoto wa mtaa mzima wa Mwembesongo watakuwa mle ndani. Mwanangu Mwaisha naye anacheza.

Jumatano, 13 Aprili

Kikao cha wadhamini wa kikundi chetu cha ngoma. Tuko wachache, wote wa kujitolea: Mzee Rehani mwenyekiti, Victor mhadhiri ndiye katibu, Chausiku anayefundisha ngoma, na mimi — niliyepunguzwa kiwandani, sasa nauza mitumba. Nikawapeleka kuuona.

Victor akasema fundi wa kweli atataka kubomoa, na muda hakuna. Wafadhili wanakuja kutoka Dar Jumamosi hiyohiyo. Wasipotuona kazini, hawatatusaidia kulinunua jengo. Ni ghala la zamani la ushirika, na ushirika unauza. Kuna mfanyabiashara analitaka, aweke mahindi ya Gairo. Siku hizi kila kitu kinauzwa.

Nikasema tuahirishe. Mzee Rehani hakukasirika. Bora angekasirika.

“Bi Semeni, ukuta huu ulijengwa na wakoloni, umetukuta na utatuacha. Tukiahirisha, hatuna tena kikundi.”

Wakaamua: plasta, kisha chokaa. Nikamuuliza Chausiku anaonaje. Akainama, akachezea pindo la kanga yake.

Alhamisi, 14 Aprili

Wamepaka. Peupe, pazuri. Asiyejua hawezi kujua — na hilo ndilo linalonitisha zaidi.

Mume wangu Mohamedi anasema jambo ni jepesi, Mwaisha abaki nyumbani. Na watoto wa wenzangu? Nikimficha wangu halafu nikakaa kimya, nitawatazamaje mama zao? Akaenda kuinjika chai mwenyewe. Akiogopa hufanya hivyo.

Ijumaa, 15 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Milima haionekani kabisa. Wanawake wa Mgeta, watakaotupigia ngoma kesho, wamefika na lori la kabichi, ngoma zao zimefunikwa turubai. Walipangiwa kulala ukumbini. Nikawaambia bati linavuja, njooni kwangu. Uongo mtupu. Bi Mwajuma, kiongozi wao, akanitazama.

“Mbona watetemeka, mwanangu? Si ninyi wenyewe mmesema hapa pazuri?”

Nikasema ni baridi. Ningeweza kumwambia palepale. Mdomo ukagoma. Sasa wamejaa sebuleni kwangu, wanacheka, wanakausha nguo jikoni. Nimerudi ukumbini kuangalia. Chokaa imeshachanika — mstari mwembamba, palepale.

Jumamosi, 16 Aprili

Asubuhi nimemfuata Mzee Rehani kwake. Shikamoo, marahaba, kiti. Nikamwomba tuchezee uwanjani, mvua imekatika. Akasema matope, wageni wa Dar hawatakaa. Nikasema basi nitawaambia wageni mwenyewe. Hapo sauti ikabadilika.

“Ukiwaambia, umekiua kikundi. Wewe, Semeni. Kwa mdomo wako.”

Nikanyamaza. Mungu anisamehe, nikanyamaza! Nilichoambulia ni hiki tu: milango yote iwe wazi, na watoto wachezee mbele, mbali na ukuta.

Alasiri. Nimekaa benchi la mwisho, karibu na mlango. Naandika ili mikono itulie. Pamejaa, mpaka madirishani wamepanda. Wageni wako mbele na soda zao, Victor anawatafsiria. Hakuna anayenitazama. Kila mara nasikia kitu kinalia, kumbe benchi.

Ngoma za Mgeta zimeanza. Zimewekwa nyuma, zimegusa ukuta kabisa — tulifikiria watoto, hakuna aliyefikiria ngoma. Sakafu inaitika chini ya nyayo zangu.

Watoto wameingia. Mwaisha ni wa pembeni, amesogea nyuma mpaka karibu na ngoma. Ana vumbi jeupe begani. Amelipangusa, anaendelea kucheza. Limeanguka tena. Juu yake, mstari umefika kwenye bati.

Chausiku amegeuka, ananitafuta kwa macho katikati ya watu. Mzee Rehani naye ametazama juu. Ameona. Najua ameona, maana ameshika magoti yake kwa mikono miwili. Lakini hanyanyuki. Uso ameurudisha kwa wageni, anatabasamu.

Nanyanyuka mimi. Sijui kama sauti yangu itazishinda ngoma —