Watu Kumi na Wawili

Mdogo wangu kipenzi,

Sisi hatujambo. Sare za shule nimezimaliza kushona, na shemeji yako amepaka madirisha rangi.

Ile makala uliyonitumia, ya majani yanayoshusha presha, ilinikolea. Nisikufiche: niliacha vidonge wiki mbili nikawa nakunywa majani. Jumanne nikaanguka juu ya cherehani. Shemeji yako akanikimbiza kliniki.

Muuguzi hakunigombeza. Aliitandaza mezani ile makala niliyokwenda nayo akauliza, “Mama, walipima watu wangapi?”

Nikatafuta. Kumi na wawili.

“Kwa muda gani?”

Wiki tatu.

“Na wasiokunywa majani, presha yao ilikuwaje?”

Hawakupima hata mmoja. Chini kabisa, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa, nikamwona aliyegharamia utafiti: muuza majani mwenyewe! Nilicheka mpaka muuguzi akashindwa kunipima.

Nimerudia vidonge, presha imetulia, na jana nimekata magauni mawili. Sikulaumu, ulinitakia mema.

Ila hukuniambia kama wewe bado unameza vidonge vyako vya presha. Niambie kweli, mdogo wangu. Sitakugombeza, aliyeanguka ni mimi.

Ni mimi dada yako,
Fundi