Nilivyolifuta Tawi la Nyakonga

Jumamosi. Manyunyu tangu asubuhi, umeme upo, mtandao unakuja na kuondoka. Nimekaa nyumbani, kompyuta ya ofisi iko mezani, na kwa mara ya kwanza wiki hii nimekunywa chai ikiwa bado ya moto.

Niandike lililotokea kabla sijaanza kulipamba.

Mimi ni ofisa TEHAMA, nimeletwa Tarime kikazi kutoka Songea, huu ni mwaka wa tatu. Kazi yangu kubwa kwa sasa ni programu ya kusajili chanjo za watoto kwenye zahanati. Kila zahanati ina namna yake ya kupokea akina mama, kwa hiyo kila moja nimeifungulia tawi lake, yaani nakala ya pembeni ambayo ikiiva naiunganisha na programu kuu, kisha tawi nalifuta. Matawi hayo nayaendesha kwa programu nyingine, ya kutunza matoleo ya kazi, ya zamani na mapya, kwa kuandika amri kwenye dirisha jeusi. Nimeyapa majina ya kata. Anayeifahamu wilaya hii ameshaona tatizo: Nyakonga, Nyamwaga, Nyandoto, Nyarero.

Siandiki jina zima. Naandika nya, nabonyeza kitufe cha Tab, programu inamalizia. Nilikuwa nimeiseti inipe jina la kwanza kwa alfabeti, na nikibonyeza tena inipe linalofuata. Ijumaa ya wiki iliyopita nilitaka kufuta Nyarero, ambayo kazi yake ilikuwa imekwisha na kuunganishwa. Nikaandika amri ya kufuta, nya, Tab mara moja badala ya mara nne, Enter. Sikusoma.

Ikafutika Nyakonga.

Programu yenyewe siilaumu. Ina amri mbili za kufuta: ya upole, inayokataa kugusa kazi ambayo haijaunganishwa, na ya nguvu, isiyouliza. Mimi hutumia ya nguvu kila siku. Mzoea vya kunyonga, vya kuchinja hawezi. Halafu, kwa kuwa diski ya kompyuta hii ni ndogo, nikamalizia na amri ya usafi niliyojitungia mwenyewe, inayofagia hata mabaki ambayo yangenisaidia kulirudisha tawi. Nakala nyingine haikuwepo. Mtandao ulikuwa chini wiki nzima, na flashi niliiacha kwenye droo.

Nyakonga ilikuwa kazi ya Dada Bhoke, muuguzi wa huko. Kwa wiki tatu alitumia siku zake za mapumziko kuja ofisini kwangu, akakaa pembeni yangu akipanga maswali kwa mfuatano ambao akina mama wanajibu kweli. Mama akiwa hakumbuki tarehe, alinifundisha, muulize kwanza mtoto alizaliwa mvua zipi. Hayo hayakuandikwa kwenye daftari lolote. Na alishawaahidi wauguzi wenzake kwamba mwezi huu ukiisha, wataacha kujaza makaratasi kwa mkono.

Niligundua Jumatatu. Nikakaa kimya siku mbili.

Nikiri na hili: nilikwishaandaa uongo. Ningesema umeme ulikatika ghafla. Umeme haujitetei, na hapa hakuna ambaye angeshangaa. Nilifanya hata mazoezi ya kuusema huku nikinyoa ndevu. Kilichonishinda ni kwamba angenionea huruma, na huruma ile nisingeweza kuimeza.

Jumatano nikapanda bodaboda mpaka Nyakonga. Ilikuwa siku ya kliniki, Dada Bhoke alikuwa anapima watoto uzito. Nikamwamkia shikamoo, nikamweleza nikiwa nimesimama pale pale mlangoni.

"Fundi, umefuta yote?"

"Yote, dada."

Hakupaza sauti. Alimtoa mtoto kwenye mzani, akaandika kilo zake, akamrudisha kwa mama yake. Kisha akaniuliza kompyuta ilichaguaje Nyakonga wakati mimi nilitaka Nyarero. Nikamwambia ilichukua jina la kwanza linaloanza na nya.

"Hebu toka hapo barazani, uite Chacha."

Nilidhani anataka kunitia aibu, lakini nikaita. Waligeuka wanaume watatu, na mama mmoja akamtazama mtoto aliyembeba mgongoni. Mzee mmoja akauliza, "Chacha yupi? Wa nani?"

"Unaona?" alisema Dada Bhoke. "Hata wao wanauliza. Hiyo ya kwako inamkamata tu wa kwanza kugeuka?"

Watu walicheka. Mimi nilitamani ardhi inimeze.

Tangu juzi nimekuwa nikirekebisha ile sehemu ya kumalizia majina. Kwanza nilifikiri dawa ni kutanguliza tawi nililolishughulikia karibuni zaidi. Kwa kuhama tawi moja kwenda jingine inafaa sana. Kwa kufuta ni balaa, maana tawi la karibuni ndilo lenye kazi mbichi, na Nyakonga ingetangulia tena. Ilinichukua nusu siku kuona jambo ambalo yule mzee aliliona kabla sijafunga mdomo.

Kwa hiyo sasa iko hivi. Majina yakiwa mengi, inasimama pale yanapoachana na kunionyesha yote, haichagui. Na kwenye amri za kufuta, hata ile ya nguvu, inataja tu matawi ambayo kazi yake imeshaunganishwa. Asubuhi nimewatumia mabadiliko hayo watu wanaoitunza hiyo programu ya matoleo, nchi za mbali huko, maana yeyote anaruhusiwa kupendekeza marekebisho. Huenda wakajibu kwamba dawa ni mtu kusoma kabla ya kubonyeza Enter. Sitakuwa na la kubisha.

Mchana huu nimeijaribu. Nimefungua tawi jipya la Nyakonga, ndani lina maswali mawili tu niliyoweza kuyakumbuka. Nikaandika amri ya kufuta, nya, Tab. Ikaja Nyarero peke yake. Nikabonyeza tena, Nyarero. Nikitaka kuifuta Nyakonga sasa, itabidi niiandike kwa kidole changu mpaka mwisho, herufi nane. Nimefurahi, kisha furaha ikaisha, kwa sababu maswali bado ni mawili.

Kuyarudisha ni kazi ya wiki tatu, na mwezi umebakiza mbili. Dada Bhoke amekubali turudie, ila safari hii ninayesafiri ni mimi. Jumatatu saa moja asubuhi niwe Nyakonga. Amesema nije na daftari, na nisiguse kitufe chochote mpaka amalize kusema.