Mgonjwa Niliyemwonea Wivu

Garsen, Jumanne

Mke wangu Zuhura,

Salamu nyingi kwako na kwa watoto. Mafuriko yamekata barabara na kutuzuia hapa, wiki ya pili sasa tunakula samaki na ndizi.

Yule daktari wa akili ninayemtafsiria, bibi wa Kizungu aliyewaudhi wakubwa kwa kuandika kitabuni kwamba wengi waliofungiwa si vichaa, jana aliletewa mwanamke wa kijiji cha Chara aliyeolewa huku. Hali wala halali.

"Kichaa huyu, memsahibu," karani wa serikali aliyemleta akasema. "Tia sahihi karatasi hii apelekwe hospitali ya vichaa Nairobi."

Mwanamke akaniambia, "Namtaka mama yangu tu." Nikatafsiri, huku nikikukumbuka wewe na watoto.

Daktari akaichana karatasi. "Basi apelekwe kwa mamake."

Leo amepanda mtumbwi kwenda kwao, nami nikamwonea wivu. Maji yakishuka tu, naja. Mungu akuweke.

Mumeo, Athumani