Boti ya Baba Stella Haipo

Newala, Jumapili

Ukungu umegoma kuondoka tangu asubuhi, na mimi usiku huu nimejifungia ndani kama mwizi. Kwa kweli nina kila sababu.

Jirani yangu Baba Stella alikuwa baharia jeshini, fundi wa injini kwenye boti za makombora. Boti za aina ile zilistaafishwa zote, kama yeye mwenyewe. Juzijuzi alikuja nimtafutie ya kwake mtandaoni. Macho yake hayaoni tena vizuri kwenye simu, basi akakaa pembeni kusubiri, mikono magotini.

Niliipata. Namba ya ubavuni ilikuwa ileile aliyonitajia. Lakini boti yenyewe, pichani, ilikuwa imekatwa vipande, imelundikwa na vyuma chakavu.

Nikamwambia imetunzwa, watu wanakwenda kuitazama.

Nilimhurumia, ndiyo, lakini pia niliogopa kumwona mzee akilia sebuleni kwangu. Huo ndio ukweli, hata kama haupendezi.

Nilidhani yameishia pale. Kumbe leo kanisani, wakati wa shukrani, akasimama na jogoo mkononi.

"Namshukuru Mungu, boti yetu ipo. Mwalimu huyu hapa ndiye aliyeiona."

Vigelegele! Baada ya ibada jogoo akapigwa mnada kama kawaida, nami kwa aibu nikawa napandisha bei mpaka nikabaki naye. Eti nijisafishe kwa jogoo. Mjinga mimi.

Mlangoni Baba Stella akanishika mkono. Korosho zikishauzwa, akasema, tutasafiri wote wawili, akaiguse kabla hajafa. Paa la nyumba litasubiri mwaka mwingine. Mama Stella alikuwa kando yake, anatazama chini. Nyumba yao inavuja, naijua.

Jioni nikajikaza nikaenda kwao. Maneno nilikuwa nimeshayapanga. Nilimkuta uani, shati lake jeupe la ubaharia limeanikwa kwenye kamba.

"Shikamoo, Baba Stella."

"Marahaba, Mwalimu. Karibu, karibu. Hebu niambie, rangi wameipaka upya?"

Nilifungua mdomo kusema ukweli. Naapa nilifungua.

"Ndiyo," nikasema. "Kijivu kilekile."

Akacheka kwa furaha mpaka akafuta machozi, na mimi nikaaga haraka.

Kesho nitarudi. Lazima nirudi. Ila nitaanza kuvunja uongo upi kwanza, wa boti au wa rangi?