Amani Uliyoniimbia Kwa Kibanda

Mwalimu,

Keti vizuri nikupe habari. Najua ungesema, "Mama Shiro, punguza maneno." Leo siwezi! Misa uliyotutungia imeimbwa, Mwalimu! Jana, Pasaka, kanisa ikajaa mpaka watu wakasimama nje kwa nyasi.

Unajua vile ulituacha. Tulikuzika Subukia, tukarudi Kaptembwo, mwenyekiti wa kwaya akafungua daftari yako. Kumbe Mwanakondoo wa Mungu imekatikia hapo kwa "utujalie." Neno "amani" hakuna! Mwenyekiti akasema tutafute mtaalamu wa mjini aimalizie. Masoprano wakapiga makofi. Mimi roho ikaniruka, kwa sababu hiyo mwisho nilikuwa nayo.

Si unakumbuka? Wewe umekalia kreti ya soda hapo kwa kibanda yangu ya mboga, mimi nakukatia sukuma, unaniimbia alto yangu kwa sababu sijui kusoma hizo do re mi zenu. Ukasema, "Na hii usiambie mtu mpaka niiandike." Mwalimu, mimi! Mimi nilitangaza harusi ya katekista kabla hajaposa! Lakini hii yako, hata Baba Shiro sikumwambia.

Basi nikasimama. "Mimi naijua." Wakacheka! Mwenyekiti: "Mathe, si wewe hushikanga karatasi juu chini?" Nikafunga macho, nikaimba. Kicheko ikaisha. Halafu huko nyuma nikasikia besi inaingia chini yangu, polepole. Kugeuka, ni Ochi fundi wa viatu! Na yeye pia hasomi. "Aliniimbia nikimshonea soli," akasema, "akaniambia ni siri." Aki nililia... wacha tu.

Sasa wale wasomi hukuwaimbia, hao walikuwa wangojee karatasi. Soprano hakuna, tenor hakuna. Mwenyekiti bado anataka mtaalamu aweke zake. Nani alikataa? Mkeo. Alisema tu, "Iachwe hivyo." Sauti yake ilikuwa imeisha, ile siku.

Jana basi. Tukafika "utujalie," masoprano wakanyamaza. Masoprano wetu, Mwalimu, wamenyamaza! Huo muujiza peke yake ungekuamsha. Maalto na mabesi, wote mimi na Ochi tuliwafundisha kwa mdomo, hapo hapo kwa kibanda, wakininunulia na sukuma. Tukaingia na amani yako. Huko juu, pa soprano na tenor, pakabaki wazi. Mkeo alikuwa ameinua uso, anatingisha kichwa kidogo kidogo, kama vile anamhesabia mapigo mtu anayeimba huko.

Haya, pumzika. Nakuahidi alto yako nitampea Shiro nikikata sukuma, na mwenye anataka kujaza huko juu atapitia kwangu kwanza. Siku nikikuja huko, usiniletee karatasi. Niimbie hiyo soprano.

Nitanyamaza. Haki ya Mungu, nitanyamaza mpaka umalize.

Ni mimi, alto wako wa kibanda,
Mama Shiro